Kisima Nilichokikausha kwa Kalamu

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza kwa kuzunguka nitajitafutia sababu, na sababu ndizo zilizonifikisha hapa. Mwaka wa vita nilikaa kwenye kiti changu hapa Kamina, nikachora mstari kwenye karatasi, na kwa mstari huo nikamkataza mchimbaji asiongeze kina cha kisima chetu. Kisima kikakauka. Familia sita zikabaki na shimo.

Mimi huyo! Mwenye diploma!

Usinicheke bado. Ngoja kidogo, kuna mahali pazuri zaidi pa kunicheka.

Nilikuwa karani wa stesheni. Treni zilipoacha kuja kwa sababu ya vita, wenzangu walishika vichwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kimoyomoyo. Kuna watu waliozaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio ya kiti. Mke wangu, ambaye nitamwita Mama Umba kwa jina la binti yetu (na jina la binti nimelibadilisha pia, tusijuane), alizoea kusema kwamba vita ikifika kwetu itanikuta nimekaa, itabidi iniombe njia.

Kisima kilikuwa ndani ya parsele yangu, kiwanja cha nyumba yetu. Mabomba ya mji yalikuwa yamesahau maji siku nyingi, kwa hiyo avenyu nzima, nyumba sita za mtaa wetu, ilichota kwangu. Kisipokuwepo kisima, kulikuwa na kijito, mwendo wa saa nzima kwa mguu, na katikati ya njia kulikuwa na bariere: kamba imefungwa kati ya mapipa mawili, na askari wageni wenye njaa. Mwanamke aliyepita pale aliacha kitu. Kopo la unga, kipande cha sabuni, au asubuhi yake nzima akiwafulia nguo.

Kwa hiyo unaelewa. Maji yale ya nyuma ya nyumba yangu yalikuwa ndiyo ukuta uliowatenga wake zetu na ile kamba.

Mvua ya mwisho ilipokata, nilianza kupima. Si kwa busara! Kwa kuchoka kukaa bure. Kila Jumamosi nilishusha kamba yenye mafundo na jiwe, nikaandika kwenye kaye, daftari langu la zamani, kina cha maji. Sentimita mia mbili na arobaini. Wiki iliyofuata mia mbili na kumi na mbili. Kisha mia na themanini na sita, mia na sitini na mbili, mia na arobaini na moja, mia na ishirini na mbili. Namba sita.

Ziangalie vizuri. Kila wiki maji yanashuka, lakini kila wiki yanashuka kidogo kuliko wiki iliyopita. Ishirini na nane, kisha ishirini na sita, na mwishoni kumi na tisa. Mimi nikaona pale kitu kizuri mno. Nikaona uvivu! Maji yanachoka kama mimi. Yatatafuta mahali pa kukaa.

Shuleni, seksyon ya sayansi, mwalimu wetu alitufundisha mstari wa chai inayopoa: inashuka haraka, kisha polepole, kisha inalala sawa na joto la chumba. Mstari ule una namba tatu. Ya kwanza ni sakafu, yaani mahali kitu kitakapotulia. Ya pili ni kimo chake juu ya sakafu hiyo siku ya kwanza. Ya tatu ni kasi ya kushuka. Ukizipata zote tatu, unaijua kesho.

Shida ni kwamba huwezi kuzipata kwa mara moja kama unavyogawa mkate. Unabahatisha kwanza. Unachora mstari wa bahati yako, unaangalia umekosea kiasi gani kwa kila Jumamosi, kila kosa unalizidisha kwa lenyewe, unajumlisha yote. Jumla hiyo ndiyo ubaya wa mstari wako. Kisha unasogeza namba kidogo, unahesabu tena. Ubaya ukipungua, unaendelea upande huo. Ukiongezeka, unarudi. Hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mpaka usiweze tena kupunguza.

Nilikuwa na mashini ndogo ya kuhesabu inayokula jua. Nilihamisha kiti kutoka kivuli kwenda juani, na kutoka jua hili kwenda jua lile. Hizo ndizo safari zangu za mwaka ule.

Sasa, sikiliza nilivyoanza. Sakafu niliipa sitini. Kwa nini sitini? Kwa sababu sentimita sitini ni juu kidogo ya goti, na ndoo inazama bila taabu, na hakuna anayehitaji kuchimba. Hakuna sababu nyingine! Nilianza pale nilipotaka kufika.

Kimo nikakipa mia na themanini, maana sitini na mia na themanini zinafika mia mbili na arobaini. Kasi nikaitafuta mpaka nikapata inayofaa. Mstari ukapita karibu na namba zangu zote; hapa chini kidogo, pale juu kidogo, kosa kubwa halikufika upana wa vidole vitatu. Ubaya wote: sabini na nane.

Nikajifanya mtu wa haki. Nikajiuliza: na kama sakafu ni hamsini? Nikahesabu. Ubaya ukapanda juu sana. Na kama ni sabini? Ukapanda tena! Nikasogeza kasi peke yake: ukapanda. Kimo peke yake: ukapanda. Kila nilipogusa, mambo yaliharibika.

Nikaweka kalamu chini kama mtu aliyemaliza kula. Nilikuwa nimefika! Hakuna pa kwenda! Unajua jinsi neno hilo lilivyo tamu kwa mtu kama mimi?

Wiki ileile akaja Monga. Huyu alikuwa mchimbaji wa visima, kijana wa miaka thelathini hivi, jino moja la mbele halipo, mdomo mrefu kuliko sepetu yake. Kwa kawaida visima vyetu vinaongezwa kina mwishoni mwa ukame, maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu. Lakini Monga hakuwa na muda wa kungoja.

“Papa Umba,” aliniambia, “minyi naenda Kinkondja na bibi na batoto. Banasema vita inakuya huku. Kule tutajificha mu bisanga, bile bisiwa ya ku ziwa, pamoja na ba-pêcheur ba samaki. Lakini mbele ya kuenda, nitachimba iyi shimo yenu metre mbili. Siku tatu tu. Munipe bukari na bantu bane ba kuvuta kamba. Mayi iko mingi bado, lakini tukipokezana ndoo tutaiweza.”

Bukari, yaani ugali wa siku tatu, na watu wanne. Hakuomba zaidi.

Na mimi nikaona nini? Nikaona udongo mwekundu umemwagwa parsele nzima. Nikaona avenyu yote inapiga kelele karibu na kiti changu. Nikajiona mimi mwenyewe nimeshika kamba! Nikaenda ndani nikaleta karatasi ya milimita, ile ya viboksi vidogo ambayo nilichorea mstari wangu.

“Monga, haina lazima. Angalia.”

Akaichukua, akaigeuza juu chini. “Iyi njo nini? Mugongo ya samaki?”

“Ni maji ya kisima. Hapa yanashuka. Hapa yanalala. Hayataenda chini ya hapa.”

“Nani aliyaambia?”

“Hesabu.”

Alicheka mpaka pengo la jino likaonekana lote. “Papa, minyi naingiaka mule ndani. Weye unachungulia tu ku juu. Mayi haina kitanda ya kulala. Inaenda kule ingine inaenda.”

Mama Umba alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Aliniita pembeni. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya heshima. Leo natamani angepiga kelele.

“Papa Umba, acha achimbe. Kama mayi inabakia, tutakuwa tumepoteza nini? Bukari ya siku tatu. Na kama inakauka?”

Na kama inakauka! Swali lote lilikuwa hapo, limesimama limevaa kitenge, na mimi nikalijibu hivi, neno kwa neno, kwa aibu yangu: “Mama, hesabu haina huruma.”

Eh! Mtu aliyesema vile angepigwa kofi palepale.

Tulikutana avenyu nzima kwenye uwanja wangu. Jirani yetu Mama Kabange, muuza samaki wakavu, ambaye hajawahi kumeza neno tangu azaliwe, alikuwa wa kwanza: “Prof! Kama mayi inakauka, tutakunywa wino?” Wanawake walicheka. Lakini wanaume, ambao ndio wangevuta kamba, waliikubali karatasi yangu upesi ajabu. Mmoja alisema ni lazima tuheshimu waliosoma. Mwingine alisema vita si wakati wa kuchimbachimba. Hakuna elimu inayopokelewa haraka kama ile inayowaruhusu wanaume kukaa.

Siku ya Jumatatu Monga alifunga sepetu yake kwenye baiskeli, akapita mbele ya mlango wangu na mke na watoto. Akanipigia makofi ya adabu, kama tunavyofanya kwa mkubwa: “Eyo vidye!” Kisha akaongeza, “Ulale muzuri, na mayi yako.”

Sikuwa na akili ya kujua kwamba nimetukanwa.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo, maji yalikuwa chini ya mstari wangu kwa upana wa kiganja. Nikasema kamba imevutika. Jumamosi ya pili, chini zaidi. Nikasema jiwe limelala vibaya. Jumamosi ya tatu nikasema watu wanachota sana, nikaenda kuwagombeza wanawake wanaooga mno! Unaona ubaya wa mtu? Mstari ulikuwa unanitazama usoni unasema mimi ni uongo, na mimi nikawa natafuta mtu mwingine wa kulaumu. Jumamosi ya nne nikaacha kupima.

Nilisema nina maumivu ya mgongo.

Kabla mwezi wa nane haujaisha, ndoo ilishuka ikapiga chini ko! kama inabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Ikapanda na tope na chura mmoja. Mvua bado mwezi na zaidi. Ndege zilikuwa zinapita chini chini kuelekea base, uwanja wa ndege za jeshi, Monga yuko kisiwani, na wachimbaji wengine wamekimbia au wamechukuliwa kubeba mizigo ya vita.

Mama Umba alichukua bidon, dumu la maji, akafunga mtoto mgongoni, akatoka. Ningetamani anigombeze. Alisema tu, akiwa langoni: “Chunga moto.”

Basi mke wangu akawa anapita kwenye ile kamba kila siku. Anaondoka kabla jua halijakaza, anarudi jua liko kichwani. Siku nyingine bidon imejaa nusu, maana askari wamenawa. Siku moja alirudi mikono imechubuka kwa kufua makoti ya watu wanane. Na mimi? Nilichunga moto.

Sasa ndipo mahali pazuri pa kunicheka, kama bado una nguvu.

Ili askari wasichukue unga, wanawake walianza kubeba karanga za kukaanga, wanawapa kidogo wanapita. Mama Umba alihitaji karatasi ya kufungia. Kwenye nyumba yetu karatasi haikukosekana! Alichana ile iliyokuwa ngumu kuliko zote, ya milimita, yenye mstari unaoshuka, namba pembeni, na herufi a, b, c nilizoziandika badala ya sakafu, kimo na kasi. Akatengeneza koni, akatia karanga, akaenda.

Kabla ya saa nne Mama Kabange aliingia kwangu anakimbia, kitambaa cha kichwa mkononi.

“Papa Umba, simama! Bamekamata bibi yako!”

“Kwa nini?”

“Juu ya karatasi yako! Banasema iko ya mupelelezi ya adui. Banasema iko ndege inashuka ku base!”

Nilielewa palepale. Mstari unaoshuka kwa haraka, kisha unatambaa sawa na chini. Mia mbili arobaini, mia mbili kumi na mbili, mia na themanini na sita. Mtu yeyote wa bariere, mwaka ule, hapa kwetu, angeona nini? Angeona ndege inatua. Angeona mtu anayempigia adui hesabu za uwanja. Na kwa jambo kama hilo watu hawakuulizwa mara mbili.

Na aliyekuwa nayo mkononi alikuwa ni mke wangu, na mtoto wangu mgongoni!

Nilitoka. Mimi! Sikumbuki hata kama nilivaa viatu. Nilibeba kaye yangu yote, nikaenda nikikimbia njia niliyokuwa nimemwachia yeye peke yake, na kila hatua niliona ilivyo ndefu. Sikuwahi kujua kwamba kuna kilima. Alikuwa anakipanda kila siku na bidon kichwani, na mimi sikujua kwamba kuna kilima.

Walikuwa wamemkalisha chini kando ya pipa. Umba alikuwa analia. Mkubwa wao, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameshika ile koni iliyokunjuliwa, anatafuna karanga za ushahidi.

“Ni weye unaandikaka ii?”

“Ni mimi, mkuu.”

“Ndege gani?”

“Si ndege, mkuu. Ni kisima.”

Askari mmoja akacheka kwa dharau. Mkubwa hakucheka. “Kisima inashuka hivi? Na a? Na b? Na c? Ni majina ya nani?”

Nikaanza kueleza sakafu. Nikaanza kueleza kimo. Nilipofika kwenye kasi, niliona macho yake, nikafunga mdomo. Ukimweleza mtu mwenye bunduki jinsi kosa linavyozidishwa kwa lenyewe, unazidisha lako.

“Kama iko kisima,” alisema, “twende tuone.”

Tukaandamana: mkubwa, askari wawili, mke wangu na mtoto katikati, mimi mbele kama mbuzi wa sherehe. Mama Kabange alitangulia kuwaita watu, kana kwamba nilihitaji mashahidi zaidi. Tulipofika parsele yangu, avenyu nzima ilikuwa pale.

Askari akashusha ndoo. Ko! Akaipandisha, akamwonyesha mkubwa. Tope.

“Karatasi inasema leo mayi iko wapi?”

“Juu ya goti, mkuu.”

“Na iko wapi?”

“Haiko.”

“Basi karatasi inadanganya.”

Na pale, ndugu zangu, niliona jambo la ajabu: uzima wa mke wangu ulikuwa unategemea ujinga wangu. Kama mstari ungekuwa wa kweli, nani angeamini? Kadiri ulivyokuwa wa uongo, ndivyo tulivyokuwa salama. Nikamfungulia kaye. Nikamwonyesha kila Jumamosi: hapa nilisema mia na nne, kamba ikasema themanini na tisa. Hapa nilisema kamba imevutika. Hapa niligombeza wanawake. Nilijishtaki kwa bidii ambayo sijawahi kuitia kwenye kazi yoyote.

“Sema kwa nguvu,” alisema mkubwa. “Bote basikie.”

Nikapanda juu ya mawe ya kisima, nikapaza sauti: “Mstari wangu ni wa uongo! Monga alisema kweli! Mke wangu alisema kweli!”

Mtu mmoja akacheka. Kisha wote. Mkubwa mwenyewe alivua miwani akafuta macho. Alinirudishia karatasi yenye mafuta ya karanga, akasema: “Adui akiwa na ba-espion kama weye, tumeshinda vita.”

Wakaondoka. Watu wakabaki wananiigiza, mmoja juu ya mawe, mmoja mkubwa.

Mama Umba hakucheka na hakulia. Alimnyonyesha mtoto dakika chache. Kisha akatafuta bidon yake, akakumbuka imebaki bariere, akaazima nyingine, akaanza kwenda. Maana nyumbani hakukuwa na maji bado! Hilo ndilo lililonikata, si kicheko cha mtu.

Nilimnyang'anya bidon. Wanawake wa avenyu, wakiongozwa na yule muuza samaki mnayemjua, walikwisha kunikatia hukumu: aliyesema maji yapo, ayalete. Mpaka mvua ya kwanza, nilisukuma baiskeli yenye bidon nne kila siku, kwa ajili ya nyumba sita. Siku ya kwanza niliangusha zote nne mbele ya kanisa, watu wakitoka ibadani. Askari wa bariere walinipokea kwa heshima. Walinipa jina: Komanda wa Ndege. Walininyang'anya maji yaleyale waliyowanyang'anya wanawake.

Miaka ikapita. Umba, yule wa mgongoni, leo anafundisha takwimu kwenye chuo kikuu huko Lubumbashi. Mungu ana utani wake. Likizo iliyopita alikuja na kompyuta yake, akaiona ile kaye, akacheka, akaniomba namba zangu sita. Ana programu ambayo jina lake ni herufi moja tu, R. Akaandika namba, akaandika mstari wa chai, halafu akaniuliza:

“Papa, ulianza na ngapi?”

“Sakafu sitini.”

“Juu ya nini sitini?”

Nikajifanya nakohoa.

Akaandika sitini, mia na themanini, na kasi yangu ya zamani. Aliiambia mashini ionyeshe kila hatua. Mstari wa kwanza kwenye kioo: ubaya sabini na nane. Namba yangu! Baada ya miaka yote! Nilitaka kuisalimia. Kisha hatua ya pili, ya tatu, na sakafu ikawa inashuka, inashuka, inapita arobaini, inapita sifuri. Hatua chache tu, ikasimama. Ubaya chini ya moja. Sakafu: karibu hasi sitini. Na pembeni mashini ikaandika shaka yake, sentimita kumi na kitu huku au huku.

“Hasi sitini,” nikasema. “Iko chini ya chini ya kisima.”

“Njo vile, Papa. Ata ukiongeza shaka yote, haifike juu ya udongo. Mayi ilikuwa inaenda kukauka. Namba zako sita zilikuwa zinasema.”

“Lakini nilijaribu hamsini! Nilijaribu sabini! Kila upande ilikuwa mbaya!”

Akanichorea ubaya wote kama bonde jembamba linalokwenda mshazari. “Ulikuwa unashika mbili, unasukuma moja. Hapa ndani, ukisukuma moja peke yake unagonga ukuta. Mashini inasukuma zote tatu pamoja, inateremka na bonde. Weye haukufika chini, Papa. Ulisimama njiani.”

Kisha, ili kunionyesha, aliipa mashini mwanzo wa ovyo kabisa. Ikakataa. Ikaandika kosa, ikakaa kimya. Mimi sikuwa na adabu hiyo. Mimi nilipokuwa sijui, niliita mkutano.

Kwa hiyo nawaonya, ninyi mnaochora mistari, kwa kalamu au kwa mashini, na ninyi mnaopanga kesho ya watu mkiwa mmekaa. Msianze pale mnapotaka kufika. Anzeni mahali pengi, hasa pale msipopapenda, muone kama mnafika pamoja. Usiseme umefika chini kwa sababu tu umechoka kusogea. Andika shaka yako kando ya namba yako, kubwa, isomeke. Na kama kuna mtu atakayebeba bidon siku ukikosea, mpe yeye kalamu kwanza!

Barua hii ya gazeti nilimsomea Mama Kabange juu ya ua kabla ya kuituma, yote, nikilegeza sauti mahali pa huzuni. Amezeeka sasa, bado anauza samaki. Aliendelea kuwapangusa vumbi mpaka nikamaliza, halafu akasema:

“Papa Umba, umeomba pardon ku mashini. Sasa unaomba ku bantu ba gazeti, benye habakukunywa ata kikombe moja ya ile kisima. Bibi yako njo ule nyuma ya nyumba, anaponda majani ya sombe. Yeye utamuambia siku gani?”